Kumtoa mwali: jinsi ya kumpeleka farasi mchanga nje ya shamba kwa mara ya kwanza

Huku kwetu Tanga mwali hatolewi ndani kwa kushtukizwa. Hufundwa kwanza, akawa na kungwi wake, na siku ya kutoka hutoka na watu wake ubavuni. Nimekuwa saisi, mtunza farasi, miaka 14 kwenye shamba moja upande wa barabara ya Pangani, na kila ninapomtoa farasi mchanga getini kwa mara ya kwanza, huyo mwali ndiye ninayemfikiria. Ukilielewa hilo, nusu ya mwongozo huu umeshaupata.

Shamba letu limepakana na mkonge pande mbili, upande wa tatu kijiji, upande wa nne barabara kuu. Ndani ya uzio farasi anakijua kila kitu: ndoo ya maji, mwembe, mbwa, sauti ya mashine ya kukatia majani. Akivuka geti hatua 20 tu, hajui lolote. Ndiyo maana watu humwona farasi mpole kabisa wa uwanjani akigeuka jini mbele ya mfuko wa rambo uliokwama kwenye kichaka, kisha wakasema ana kichaa. Hana kichaa. Ni mnyama wa kuliwa na simba, na akili yake yote imejengwa kukimbia kwanza na kuuliza baadaye.

Kwa hiyo tukubaliane mapema: safari ya kwanza haipimwi kwa umbali. Mimi huipa dakika 40. Farasi akirudi getini anatembea, kichwa kimeshuka, vigwe (kamba za kumwongozea zilizo mkononi mwa mpandaji) vimelegea, safari imefaulu hata kama mlifika nusu kilomita tu. Akirudi mbiombio, imeharibika hata kama mlifika mbali, hadi Tongoni.

Kwanza, yuko tayari?

Mwangalie meno kabla ya kumsikiliza aliyekuuzia. Meno ya mbele ya katikati hubadilika farasi akiwa na miaka 2 na nusu hivi, yanayofuata miaka 3 na nusu, ya pembeni kabisa miaka 4 na nusu. Nimeletewa "farasi wa miaka minne" ambaye jozi yake ya pili ya meno bado ilikuwa ya utoto. Mifupa ya mgongo ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko yote, hadi baada ya miaka 5, kwa hiyo wa miaka 3 apandwe kidogo na kwa mwendo wa taratibu. Wa miaka 4 ndiye ninayependa kuanza naye nje.

Uzito nao. Kanuni ya kawaida ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 350 basi abebe kilo 70, na hapo nazungumzia aliyekomaa. Kwa mchanga mimi hushuka hadi asilimia 15, yaani kama kilo 52, ndiyo sababu safari za kwanza kwetu hupandwa na kijana mmoja mwembamba, mimi nikiwa juu ya farasi mzee. Wenye nyama za ofisini wasubiri.

Ndani ya uzio lazima awe anasimama akiambiwa kwa sauti, bila kuvutwa. Awe anasimama tuli wakati mtu anapanda na anaposhuka, pande zote mbili. Awe anarudi nyuma hatua 3 au 4. Na ageuze kichwa hadi karibu na goti lako ukivuta kigwe kimoja tu, kushoto na kulia. Hili la kigwe kimoja ndilo breki yako. Farasi akitaka kutimka, ukivuta vigwe vyote viwili anapata kitu cha kuegemea na kuvutana nacho, na katika kuvutana hutamshinda. Ukivuta kimoja mapema, shingo inapinda, miguu ya nyuma inapishana, nguvu ya kukimbia inakatika. Mapema, nasema. Akishashika shoti, mbio zake za kasi, usimkunje ghafla, mtaanguka wote.

Kisha mlete mwenye bodaboda ndani ya shamba. Mlipe soda. Aizungushe pikipiki nje ya uwanja farasi akila majani, leo mbali, kesho karibu, keshokutwa apige honi. Sijui kwa nini watu wanaliruka jambo hili, maana Tanga hii utakosa vyote barabarani lakini hutakosa pikipiki.

Chanjo, mbung'o na visubi

Jina lenyewe la pepopunda linakuambia nani aliugua mbele ya macho ya wazee wetu. Farasi na punda huathirika vibaya sana na ugonjwa huu, na vijidudu vyake huingia kwenye kidonda chembamba kirefu, hasa kile cha mwiba. Nje ya geti letu kuna mamilioni ya miiba: kila jani la mkonge lina mmoja mweusi kwenye ncha. Bila chanjo ya pepopunda, usitoke. Ongea na daktari wa mifugo wiki kadhaa kabla, maana chanjo haifanyi kazi siku hiyohiyo.

La pili ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, vile vidudu vidogo kama punje ya vumbi. Vinauma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri, hasa kwenye unyevunyevu. Kwa hiyo safari za jioni kandokando ya mabwawa hapana, masika ndiyo kabisa.

Mbung'o wao huuma mchana, huvutiwa na kinachotembea, na hupenda rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Usimvike farasi kitambaa cha buluu chini ya tandiko mkipita karibu na vichaka vya mbung'o. Tanga tuna historia na mdudu huyu: mbung'o dume waliohasiwa kwa mionzi walilelewa hapa na kumwagwa kwa ndege juu ya Unguja kuanzia 1994, majike wakawa hawazai, na 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Bara bado wapo. Farasi akianza kukonda, homa zikija na kuondoka, miguu ikivimba, asikae wiki nzima ukimpa mwarubaini. Apimwe damu.

Ipite njia bila farasi

Siku mbili au tatu kabla, itembee njia kwa miguu, saa ileile mtakayotoka. Usiitembee kama mtu. Macho ya farasi yako pembeni ya kichwa, anaona karibu mzunguko mzima isipokuwa mbele kabisa ya paji lake na nyuma ya mkia. Buluu na manjano anazitofautisha vizuri, nyekundu na kijani kwake zinafanana, kwa hiyo khanga nyekundu iliyoanikwa juu ya majani haimshtui kwa rangi. Inamshtua kwa kupepea. Wewe tafuta vinavyopepea, vinavyong'aa, vinavyotoa sauti bila kuonekana.

Kwenye mashamba ya mkonge orodha ni ndefu. Kwanza omba ruhusa kwa meneja wa shamba na uwafahamu walinzi kwa majina. Barabara za ndani ni nzuri, udongo mwekundu, tambarare, lakini baina ya mistari ya mkonge usiingie kabisa. Ncha za majani ziko sawasawa na jicho na goti la farasi. Jicho hilo likichomwa limekwenda. Nawaza mara nyingine jinsi mmea huu ulivyofika: 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika mzima 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kutoka 62 hadi miiba yote hii.

Uliza wapi wanakata wiki hiyo, maana hapo kuna trekta na tela, watu wenye mapanga, na mafungu ya majani yaliyolala barabarani. Ijue korona iko wapi, mashine inayokamua mkonge, kwa sababu kelele yake husikika kabla haijaonekana na makapi yake yana harufu kali. Safari ya kwanza usipite huko. Na ujue wapi wanaanika.

Singa za mkonge zikianikwa juu ya nyaya ndefu, nyeupe, zinapepea kwa upepo wa kusi, ni kitu cha kutisha kuliko vyote nilivyowahi kumpitishia farasi. Wewe na mimi tunaziona ni nyuzi. Tena neno letu moja: singa za mkonge, singa za shingo ya farasi. Yeye anaona wanyama weupe mia mbili wamesimama mstari mmoja, wote wakitikisa mikia.

Nyuki ni habari nyingine, na hii si ya mzaha. Novemba 1914, Waingereza waliposhusha askari wao wa Kihindi hapa Tanga kupigana na Wajerumani, nyuki waliovurugwa na risasi waliwashambulia watu wa pande zote mbili, na mpaka leo vita hivyo vinatajwa kuwa Vita vya Nyuki. Mizinga na mapango ya nyuki kwenye mibuyu na magofu bado yapo. Ukisikia mvumo juu ya mti, geuka mbali. Wakishawavamia, usisimame kuwapunga kwa mkono: toka eneo lile moja kwa moja na usisimame mpaka wamewaacha. Hapo ndipo pekee katika mwongozo huu ninapokuruhusu kukimbia.

Mwisho, mpitie mwenyekiti wa kitongoji. Mwambie siku na saa. Habari ikimfika yeye, watoto wataambiwa wasimrushie mnyama mawe, na mbwa wawili watatu watafungwa.

Siku za kwanza, kwa miguu

Kabla hajapandwa nje, mwongoze kwa kamba siku 3 au 4. Wengi wanaona aibu kumtembeza farasi kama mbuzi wa Idi. Acha aibu.

Kamba iwe ya mita 3 hivi, ya pamba, isiyokata mkono. Usiizungushe kiganjani kamwe: ikunje mikunjo mikubwa kama herufi ya 8 na uishike katikati, ili akivuta mikunjo ifunguke badala ya kukubana. Tembea usawa wa bega lake, si mbele ya pua. Akiruka kwa hofu huruka kuelekea mahali alipo mtu anayemwamini, na ukiwa mbele mahali hapo ni mgongoni pako.

Ukifika barabara ya magari, kaa wewe baina ya farasi na magari. Kwa kuwa kwetu tunapita kushoto, utajikuta upande wa kulia wa farasi, na hapo ndipo watu huumbuka, kwa maana karibu kila mtu amemzoesha farasi wake kuongozwa kwa upande wa kushoto tu. Mzoeshe pande zote mbili mkiwa bado ndani.

Akikiona cha kumtisha, simama pale ambapo masikio yametazama mbele lakini miguu haijaanza kucheza. Hapo hasa. Ukisogea hatua 5 zaidi umechelewa. Mwache atazame. Usimpapase shingoni kwa harakaharaka, hilo linamwambia kwamba hata wewe umeogopa. Vuta pumzi wewe mwenyewe, polepole. Mimi humwimbia kwa sauti ya chini, wimbo wowote, kwa sababu huwezi kuimba ukiwa umebana pumzi. Subiri mpaka kichwa kishuke, aanze kutafunatafuna bila kitu mdomoni, au apulize pua kwa nguvu. Ukiona hayo, sogea hatua 10, usimame tena.

Na usimpeleke ana kwa ana. Kile kiogopwacho kibaki pembeni, ugeuze pua yake kidogo upande wa pili, umpitishe kama vile wewe hujakiona. Ukimgeuza akitazame huku unamsukuma mbele, umempa sababu mbili za kuruka.

Kungwi wake

Farasi wa kutoka naye awe mzee aliyechoka na ulimwengu. Kwetu ni jike wa miaka 19 tunayemwita Shangazi. Lori la mchanga likipita kwa kishindo, Shangazi hata sikio hageuzi. Mchanga akimwona mwenzake hajashtuka, robo tatu ya hofu inakwisha.

Panga hivi: mkitoka, kungwi mbele, urefu wa farasi mmoja na nusu, si karibu zaidi kwa sababu ya mateke. Penye magari, kungwi awe upande wa magari na mwali ndani. Njia ikinyooka na kutulia, mwache mchanga atangulie hatua 30, kisha kungwi apite tena mbele. Ubadilishaji huo ndio unaomfundisha kuongoza. Ukimweka nyuma miezi 3, umejitengenezea farasi asiyeweza kutoka peke yake mpaka anazeeka. Na kamwe kungwi asiondoke mbio akamwacha mwenzake nyuma, hata kwa mzaha.

Asubuhi ya kutoka

Mimi hupenda saa 12 na nusu asubuhi, jua limeshachomoza, joto bado. Kufikia saa 3 unyevu wa Tanga umeshakuwa kama blanketi, jasho halikauki mwilini, na jasho lisilokauka halipoozi. Siku ya upepo mkali ahirisha. Siku ya mvua ya usiku pia, udongo mwekundu ukilowa unateleza kama bamia.

Majani kidogo mapema, ndiyo. Debe la pumba na mahindi kabla ya safari, hapana. Farasi hawezi kutapika, kikimkaa vibaya tumboni kinakaa. Maji apewe kama kawaida: kwa hali ya hewa yetu farasi hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na jiwe la chumvi liwepo bandani.

Pima mapigo akiwa ametulia bado, vidole viwili chini ya taya pale mshipa unapovuka mfupa. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Farasi aliyepumzika huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika. Iandike. Bila namba ya asubuhi, namba ya baadaye haitakuambia kitu. Chokoa kwato zote 4, pitisha mkono kila mguu kutafuta joto au uvimbe, kagua mshono wa hatamu na mkanda wa tumbo. Nimeona mkanda uliotafunwa na panya usiku mmoja.

Mfunge ukanda mwepesi shingoni. Akiruka ghafla mpandaji ashike ukanda, asining'inie kwenye vigwe na kumuumiza mdomo kwa lijamu, kile chuma cha mdomoni, siku ya kwanza tu ya kutoka. Helmeti ni lazima, viatu viwe na kisigino ili mguu usipenye kwenye kikuku cha kukanyagia ukanasa. Kisu kidogo cha kukatia kamba. Simu iwe mfukoni mwako, usiifunge kwenye tandiko: ukianguka, tandiko linaondoka na farasi na simu yako.

Halafu mzungushe kwa kamba ndefu dakika 10 ndani ya uwanja. Akiwa bado anarusha miguu juu, leo si siku. Mvue tandiko, rudi kunywa chai.

Nje

Dakika za mwanzo usidai chochote. Mwendo wa kawaida tu, vigwe virefu kiasi cha kumwezesha kutazama. Angalia masikio: sikio moja njiani na moja limegeukia kwako, mambo ni mazuri. Yote mawili yamechongoka mbele na shingo imekuwa ngumu kama mti, ongea naye, mpe kazi ndogo, mgeuze kushoto kidogo, kulia kidogo. Matiti, mwendo ule wa kudundadunda ambao punda wa wazee walikuwa wakisifiwa nao, mpe mara 2 au 3 fupi mahali tambarare, mkielekea mbali na nyumbani. Shoti isahau kabisa mwezi huu.

Watu ndio sehemu kubwa ya kazi. Mpanda farasi anayepita kijijini kimya, bila salamu, anajitafutia maadui, na kesho njia itafungwa kwa miiba. Mimi husalimia kila mtu. Asubuhi moja tulikutana na mzee mwenye baiskeli, amepakia madafu mpaka huoni tairi la nyuma. Farasi akasimama. Mzee naye akasimama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Huyo ni nyumbu?"

"Farasi, babu. Ndiyo kwanza anatoka."

"Anakula nini?"

"Majani tu."

Akamtazama kuanzia kwato hadi masikio. "Majani tu, na mwili wote huo!" Akacheka peke yake. Katika dakika ile nzima farasi alikuwa ameshainusa baiskeli, madafu, na kofia ya mzee. Hakuna somo ambalo ningempa mimi likazidi lile.

Kwa pikipiki, inua mkono mapema. "Kaka samahani, zima kidogo tupite, mnyama mgeni huyu." Karibu wote huzima. Mmoja aliniuliza, "Anarusha teke?" Nikamwambia, "Ukizima, hapana." Shukuru kila mmoja, hata aliyepita mbio, maana kesho ni yuleyule. Watoto waambie wasimame mbele mnapowaona nyote, wasikimbie nyuma, kisha mruhusu mmoja, yule mtulivu, aje amguse begani.

Mpandaji akihisi mambo yanamzidi, ashuke. Kushuka ukiwa bado unaweza si kushindwa. Ashuke mapema, aongoze kwa miguu hatua 100, apande tena.

Kurudi

Mkigeuka tu, farasi anajua. Mabaharia wetu husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na hakuna baharia anayeijua hiyo kuliko farasi aliyekumbuka ndoo yake. Hatua zinarefuka, shingo inapanda, anaanza kwenda kiubavuubavu. Hapa ndipo kila kitu kinapoamuliwa.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na dume mchanga, safari nzuri kabisa, nikajisifu moyoni. Tukiwa kama mita 400 kutoka getini akaomba matiti, nikamwachia. Akaomba zaidi, nikasema ni karibu tu. Getini mtu alikuwa ameegesha tela. Farasi aliliona, akakata kona, mimi nikaendelea na safari bila yeye. Nilivunjika mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, nikafungwa mkono wiki 6. Lakini hasara kubwa ilikuwa ya farasi: miezi 8 baadaye, kila akigeuka nyumbani alikuwa bado anataka kutimka, kwa maana nilikuwa nimeshamfundisha, mara moja tu, kwamba hivyo ndivyo kunavyorudiwa.

Kwa hiyo kurudi ni kutembea, mwanzo hadi mwisho. Akiharakisha, mgeuze duara dogo, mrudishe mlikotoka hatua 20, geuka tena. Afanye mara ngapi? Mara zote. Nimewahi kuzunguka mara 11 katika mita 200, jua likinichoma, Shangazi akitusubiri kwa dharau. Kumbuka pia kwamba mkirudi kila kitu kiko upande mwingine. Kichuguu alichokizoea kwa jicho la kushoto, akikiona kwa jicho la kulia huwa kichuguu kipya. Usimkasirikie.

Mkifika getini, msiingie. Piteni hatua 50 mbele, mkae kidogo, mrudi. Mpandaji ashuke nje ya geti, alegeze mkanda, aingie akiwa anamwongoza. Na asikute chakula kimeshamiminwa. Afungwe chini ya mwembe nusu saa kwanza.

Bandani

Mmwagie maji mwili mzima, mengi, mfululizo. Maji ya baridi hayamdhuru farasi mwenye joto. Wazee walitufundisha pia kwamba mwenye jasho asinywe mpaka akauke, mpe anywe. Baada ya dakika 10 pima mapigo. Kwenye mashindano ya masafa marefu farasi hutakiwa ashuke hadi 64 au chini ndipo aruhusiwe kuendelea. Kwa dakika 40 za kutembea, wako anatakiwa awe ameshakaribia namba ya asubuhi. Bonyeza ufizi kwa kidole: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Fina ngozi ya shingo: ikibaki imesimama, hakunywa vya kutosha. Pitisha mkono miguuni tena, safari hii ukitafuta miiba, nyuma ya kifundo na kifuani hasa. Ukiupata, safisha, na mwambie daktari hata kama chanjo ipo.

Kisha daftari: saa, hali ya hewa, mapigo, alichoshtukia, alichokipita vizuri. Apumzike siku moja, mrudi njia ileile.

Farasi wangu wa mwaka jana, jike wa rangi ya karafuu, tulimpitisha mara 6 njia moja kabla sijamgeuza aanzie upande wa singa. Asubuhi hiyo kusi ilikuwa imeamka mapema na nyaya zote zimejaa. Alisimama mbali, akatazama muda mrefu, akapuliza pua. Tukasogea. Akasimama. Tukasogea. Tulipofika usawa wa waya wa kwanza Shangazi alikuwa ameshainamisha kichwa chini ya zile nyuzi anakula majani, zinampapasa masikio. Mwali akamtazama, akazitazama singa, kisha naye akainama. Nikamwambia kijana alegeze vigwe, tukawaacha wale.